Wana Kigoma, mtoto wa miaka 4 alelewe getini au mtaani?

Mwana wa Kitongoni (Ijumaa, saa 2 usiku)

Wadau habari za usiku. Naomba tujadili bila matusi, maana najua humu ndani kuna watu mikono inawawasha.

Mimi nimezaliwa Ujiji, Kitongoni, nimekulia barazani kwa bibi. Mwaka juzi nikajaliwa kumaliza kibanda changu huku Gungu, nikapiga ukuta, nikaweka geti, nikamshukuru Mungu. Sasa nina kijana wa miaka 4. Kutwa yuko ndani na dada wa kazi na simu. Katuni zote anazijua kwa majina. Ila ukimwambia amsalimie mgeni anajificha nyuma ya kochi, na maneno bado hayajamkaa sawa. Akitaka maji anakushika mkono anakupeleka kwenye friji.

Jumapili nilimpeleka kwa bibi yake. Dakika 10 hazijafika ameshavua viatu, yuko na wenzake kama 8 chini ya mwembe wanacheza kombolela. Sheria hata moja haijui, anakimbilia tu kila wanakokimbilia. Jioni tunaondoka analia, na analia kwa kuita jina la mtoto mwenzake, jina zima, halijakatika. Mimi mwenyewe hajawahi kuniita "baba" likanyooka.

Mama akaniambia, "Huyo hana ugonjwa, ana upweke. Mlete hapa, mtaa utamlea." Mama watoto kusikia akawaka. Kasema mtoto wake haendi kulelewa na watu asiowajua, na kwamba ule ukuta sikuujenga kwa ajili ya kuzuia mbuzi.

Swali langu: kwa umri huu kinachomjenga mtoto ni nyumba yake au mtaa wake?

Mgebuka Mkavu

Kinachomjenga mtoto ni hela ya baba yake. Uzi ufungwe.

Fundi Katubuka

Mleta uzi umenichekesha. Hizo kuta za Gungu nyingi nimezijenga mimi na vijana wangu. Sijawahi kupata mteja aliyeniambia, fundi, acha tundu mtoto awe anachungulia. Wote wanauliza chupa zilizovunjwa za juu zitachukua mifuko mingapi ya saruji.

Mama Wawili

Kaka, acha nimsemee mkeo kwa kuwa hayupo.

Huo mtaa unaousimulia ni wa enzi ambayo kila mtu alijua huyu ni mtoto wa nani. Mtaani kwangu leo wengi ni wapangaji, kodi ikiisha wanahama, jina la jirani unalijua kwenye msiba. Nani anamlea nani? Halafu tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Ule utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa nchini mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 katika kila 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla hawajafika miaka 18, na wavulana zaidi ya 1 katika 10. Wanaofanya hayo si watu walioshuka na meli jana kutoka Kalemie. Wengi wanajua jina la mtoto na wanajua mama yake anarudi saa ngapi. Mwanamke akifunga geti msimwite mwenye majivuno.

Na tuseme ukweli tu, huko Ujiji mnakokusifia watoto wanashindia ugali wa muhogo na mawese, wanakua na vitumbo mbele na matusi mdomoni. Mimi wa kwangu hapana.

Binti Kasingirima

Ulikuwa unaongea vizuri dada yangu, nakusoma huku natikisa kichwa, mpaka ulipofika kwenye mawese.

Mawese yamekukosea nini? Mimi nimelelewa na mawese, mama yangu kalelewa na mawese, na hivi ninavyoandika nimetoka kuunga maharage kwa mawese. Tumbo liko mahali pake. Wewe unayewapa wako soseji na juisi ya pakiti ndiyo umewapa lishe?

Mzee wa Reli

Huyo dada atakuwa mtu wa kuja. Mwana Kigoma hawezi kuyatukana mawese hadharani.

Mama Wawili

Nimezaliwa Mwandiga. Na sijatukana mawese, nimeongelea mlo wa aina moja asubuhi mpaka usiku. Soma vizuri.

Binti Kasingirima

Mwandiga! Sokoni kwenyewe yanakoshushwa madumu! Ndiyo maana nasema mtu akishajenga ukuta anasahau kwao.

Nesi Asiye na Zamu

Jamani nimetoka kazini nakuta vita. Kwa kifupi, nyote wawili mna nusu ya ukweli.

Ile rangi nyekundu ya mawese ndiyo hazina yenyewe, mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na mtoto mdogo anaihitaji kwa macho na kwa kinga. Ila wengi wetu tunayachoma mafuta mpaka moshi utande na rangi ipotee, tunasema tunaondoa harufu. Rangi ikishapotea na hazina imeondoka, umebaki na mafuta tu. Ugali wa muhogo nao unashibisha, lakini protini ndani yake ni ndogo sana, kwa hiyo bila dagaa au maharage pembeni mtoto anashiba huku anadumaa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulisema watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Hao wote hawatoki Ujiji, na naomba msijidanganye, kliniki napokea watoto wa getini wenye uzito mdogo pia. Wanashindia biskuti.

Sasa turudi kwenye mada.

Mgebuka Mkavu

Turudi wapi? Nesi, hebu fafanua kwanza, kuna mise na kuna mawese. Mama mkwe wangu anapikia mise, ndiyo yale yale?

Nesi Asiye na Zamu

Si yale yale. Mawese yanatoka kwenye nyama ya chikichi, mise kwenye kiini. Mise hayana ile rangi. Mpe pole mama mkwe, mengi ya hayo huwa yanaishia kwenye sabuni.

Fundi Katubuka

Mkaulizeni mtu wa Kihinga, kwenye kile kituo cha utafiti wa michikichi. Mbegu yao ya Tenera nyama ni nene, gamba jembamba. Nimepanda shina 20 Simbo.

Mwana wa Kitongoni (Jumamosi, saa 1 asubuhi)

Nimelala nikiwa na uzi wa malezi, nimeamka nina uzi wa kilimo. Wadau, mtoto wangu.

Mnyamwezi wa Isevya

Habari za Kigoma, mimi niko Tabora, nimepita tu. Mleta uzi kataja mwembe, basi nikafikiri mnaongelea kwetu. Miembe ni ya Tabora, ninyi mliletewa na misafara.

Kuhusu mtoto, huku Isevya bado tunalea kwa pamoja. Wa kwangu ana miaka 5, namtuma kwa Mangi kununua chumvi na kiberiti, akifika pale wazee wa bao wanamuuliza umetumwa nini, chenji ngapi, unarudi na nini. Nyumbani anafika hesabu iko kichwani. Hiyo nayo ni shule, na hailipiwi.

Halafu niliwahi kusoma kuna utafiti Wamarekani walihamisha familia kutoka mitaa mibovu kwenda mitaa mizuri, na watoto wote waliohama wakawa matajiri. Kwa hiyo mtaa ndio kila kitu.

Mzee wa Reli

Miembe ya Ujiji imeshuhudia Stanley anakutana na Livingstone mwaka 1871. Ya Tabora imeshuhudia nini?

Mnyamwezi wa Isevya

Imewashuhudia hao hao wakipita, Livingstone kakaa Kwihara miezi kadhaa. Nyumba yake tunayo mpaka leo.

Mwanachuo Mpole

Huo utafiti naufahamu, tuliusoma mwaka wa pili, acha niuweke sawa. Ulianza 1994, majiji 5, Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, familia kama 4,600 zilizokuwa zinakaa nyumba za serikali kwenye mitaa fukara. Wakachaguliwa kwa bahati nasibu. Baadhi wakapewa hati ya kusaidiwa kodi kwa sharti wahamie mtaa wenye umaskini mdogo, wengine hawakupewa. Miaka ya mwanzo matokeo yalikatisha tamaa, kipato cha wazazi hakikubadilika. Baadaye mchumi Raj Chetty na wenzake wakawafuatilia watoto walipokuwa watu wazima. Waliohama kabla ya miaka 13 kipato chao kilizidi cha wenzao kwa asilimia 31. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakufaidika, na dalili ni kwamba wengine walirudi nyuma kidogo, kuhama kuliwakata na marafiki.

Kwa hiyo hapana, hawakuwa matajiri na hawakuwa wote. Kilichohesabika ni miaka ambayo mtoto ameishi mahali pale akiwa bado mdogo.

Kuna utafiti mwingine wa Chicago, wa mwanasosholojia Sampson na wenzake, ulichapishwa 1997. Walihoji watu zaidi ya 8,000 katika mitaa 343. Moja ya maswali: ukiona watoto wametoroka shule wamesimama kona, jirani zako watafanya kitu? Mitaa ambayo watu walijibu ndiyo, na wanaaminiana, ilikuwa na vurugu kidogo hata kama ni maskini. Mimi nasoma hapo kwamba ukuta wa mleta uzi hauwezi kuwa jibu na baraza peke yake si jibu. Jibu ni kama kuna mtu mzima anayeangalia.

Mgebuka Mkavu

Mwaka wa pili gani huo wa kujua majiji yote ya Marekani lakini hujui mise na mawese?

Mzee wa Reli

Chicago haina kombolela. Tuletee utafiti wa Buzebazeba.

Mwanachuo Mpole

Sawa wazee wangu.

Mwalimu wa Awali

Nafundisha darasa la awali shule ya msingi, mtaa siutaji. Nisikilizeni kidogo maana hawa watoto nawapokea mimi.

Mtoto wa getini anafika anahesabu mpaka 100 kwa Kiingereza. Rangi zote anazijua. Ukimwambia subiri zamu yako, anaanguka chini analia. Penseli yake ikichukuliwa anakuja kwangu, hajui kwamba anaweza kumwambia mwenzake "nirudishie". Wa mtaani anafika penseli anaishika kama mchi. Rangi ya kijani kwake ni "ya majani". Lakini ana hadithi! Atakusimulia ajali ya bodaboda ya wiki iliyopita mwanzo mpaka mwisho, nani alikuja, nani alipiga kelele. Anajua kugawa muhogo vipande sawa kwa watu 5. Kufika mwezi wa sita huyu wa mtaani kalamu ameshaizoea. Yule wa getini zamu bado zinamliza.

Simsemi mama yeyote. Nasema nilichokiona. Na mleta uzi, mtoto wa miaka 4 ambaye maneno hayajamkaa mpeleke hospitali wakampime masikio kwanza, kabla ya bibi na kabla ya mtaa. Na simu ipunguze. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019, umri huo isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Binti Kasingirima

Mwalimu umemaliza kila kitu. Nimelia kwenye muhogo wa watu 5.

Mama Wawili

Mwalimu "simsemi mama yeyote" halafu umenisema aya nzima. Wa kwangu wanasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza na zamu wanazijua vizuri sana.

Mwalimu wa Awali

Nimesema ninaowapokea mimi, dada. Wa kwako sijawapokea.

Mzee wa Reli (Jumamosi, saa 4 usiku, ukurasa wa 4)

Tatizo la siku hizi ni moja na mnalikwepa. Zamani ukiiba embe la mtu, unachapwa na mwenye embe. Ukifika nyumbani habari imeshatangulia, unachapwa tena. Jirani alikuwa mzazi. Leo mguse mtoto wa mtu uone, unaitwa kwa mtendaji. Mtoto asiyechapwa na mtaa hajalelewa na mtaa.

Nesi Asiye na Zamu

Mzee wangu shikamoo. Hata mwalimu sheria imempa kikomo, viboko 4, kwa idhini ya mkuu wa shule na viandikwe kwenye daftari. Jirani wa mwembe kapewa idhini na nani? Na tunaongelea mtoto wa miaka 4.

Mzee wa Reli

Marahaba. Ndiyo maana mnalea mayai.

Shangazi Bangwe

Mimi nilichapwa na huo mtaa mnaousifia. Sikuiba embe. Nilisingiziwa na mtoto wa mwenye duka, na kwa kuwa mama yangu alikuwa mjane anauza dagaa, hakuna aliyeuliza mara mbili. Mtoto wa mwenye duka mtaa haukumchapa hata siku moja, na wote tulijua anaiba. Basi mtaa ulinilea, nakubali. Ulinifundisha mapema sana nani anachapika na nani hachapiki.

Lakini huo huo mtaa, mama alipolazwa wiki 3, mimi na mdogo wangu hatukulala njaa hata usiku mmoja. Sahani ilikuwa inapita ukutani, kila siku nyumba nyingine. Sijui niweke wapi hayo mawili.

Mzee wa Reli

Pole binti yangu. Ila mimi sikumaanisha mambo ya kuonea.

Mgebuka Mkavu

Mzee leo umepatikana.

Mzee wa Reli

Wewe mgebuka utakuwa umelelewa bila baba, huna adabu toka ukurasa wa kwanza.

Mgebuka Mkavu

Ni kweli sikulelewa na baba. Alizama na mtumbwi nikiwa na miaka 3. Nimelelewa na mama na wavuvi wa Kibirizi. Wao ndio walionifundisha utani huu unaoukataa.

Mzee wa Reli

Nimekosa. Nafuta kauli.

Fundi Katubuka

Hapa Kigoma kila mtu ana mtumbwi wake. Tupumue kidogo.

Mnyamwezi wa Isevya

Poleni sana ndugu zetu. Kwa kweli kwenye hilo la ziwa sisi Tabora tuna nafuu, mtoto akitoroka anaishia kwenye mizinga ya nyuki.

Mwana wa Kitongoni (Jumapili, saa 3 asubuhi, ukurasa wa 6)

Wadau nimesoma yote. Mwalimu, Nesi, Mwanachuo, asanteni. Kesho nampeleka akapimwe masikio. Nimefikiria awe anakwenda kwa bibi Jumatatu mpaka Ijumaa, wikiendi anarudi Gungu. Mnaonaje?

Mama Mwenye Mtoto (mgeni, ujumbe wa kwanza)

Mimi ndiye mama watoto. Nimetumiwa kiungo cha uzi huu na wifi yangu.

Baba yenu kawaambia mtoto anashinda na simu. Muulizeni ni simu ya nani. Ni yake ya zamani, alimpa mwenyewe mwezi wa tatu ili aangalie mpira kwa utulivu. Kawaambia mtoto hajui kumwita baba. Anatoka saa 12 asubuhi, anarudi mtoto amelala, hilo neno atalifanyia mazoezi kwa nani?

Kwa mama mkwe sina ubaya, na yule mtoto aliyeitwa kwa jina zima namjua, ni mtoto mzuri, ana mdomo kama redio. Nimekubali Jumamosi. Nitakuwepo mimi mwenyewe, nitakaa hapo barazani na hao mabibi, wanizoee niwazoee. Nikishajua nani anaingia na kutoka nyumba zile, tutaongea habari za Jumatatu mpaka Ijumaa. Na asitumwe dukani kuvuka barabara ya lami.

Binti Kasingirima

Wifi karibu Ujiji. Njoo na kanga, kochi hatuna.

Mzee wa Reli

Mleta uzi, ingia mitini.

Mwana wa Kitongoni

Simu nimeichukua. Nimeifungia kabatini.

Mwalimu wa Awali

Na ile unayoandikia hapa?

Fundi Katubuka

Hahaha. Mimi naondoka, lakini mkitaka dirisha dogo kwenye ukuta mnitafute, chini kabisa, usawa wa mtoto. Nondo nitaweka.

Mama Wawili (Jumapili, saa 2 usiku, ukurasa wa 7)

Nimerudi kuangalia kama kuna aliyejibu nilichoandika Ijumaa. Si mawese. Pale juu ya mawese. Wasichana 3 katika 10. Mke wa mleta uzi peke yake ndiye aliyeonekana kukisoma. Ninyi mnaosema mtaa ulee, huo mtaa ukimjua anayefanya hayo unamfanyaje? Maana kwetu Mwandiga walikaa kikao, wakala, yakaisha.

Mgebuka Mkavu

Binti Kasingirima, dumu la lita 20 sasa hivi linauzwaje? Kuna mtu anapanda treni kesho nataka nimbebeshe.